Siku Nilipovisha Kengele Suti Yangu

Kama uliona ile video, wacha kwanza nirekebishe kitu kimoja: boksa haikuwa imetoboka. Kile kilikuwa kivuli cha paipu. Nimeeleza hivyo majirani hapa Kitengela, nimeeleza mwalimu wa mtoto wangu, nimeeleza mama mboga ambaye hata hakuwa ameuliza, na sasa naeleza nyinyi, ndio kama aibu yangu ni lazima isambae, basi angalau isambae ikiwa sahihi. Hayo mengine yote mliyoona ni kweli. Yule mwanamume aliyesimama juu ya mnara wa kanisa kule Isinya mchana kweupe, mbele ya Askofu, kwaya mbili, na mama aliyemzaa bibi yake, akiwa na viatu, soksi na boksa peke yake, ni mimi, Wekesa, fundi wa vyuma, mume wa mtu na baba wa watu.

Mjue kwanza kwamba mimi ni Mbukusu, na kwetu mama mkwe anaheshimiwa kutoka mbali. Humsalimii kwa mkono, huketi naye kiti kimoja, hutafuni kitu akikutazama, na mkikutana njiani ni wewe unaingia kwenye majani mpaka apite. Mimi nilivyo na bahati, nikaenda kuoa Mkikuyu, na mama yake hajawahi kusikia hata moja ya hizo sheria. Huyo mama akikuona anakuja na mikono imepanuliwa akukumbatie! Kwa hivyo tangu nimuoe Nyambura, kila tukienda kwa mama yake Isinya, mimi huwa na shughuli ya haraka mahali pengine. Chakula kikiletwa, simu yangu inaita (hata kama imezima). Chai ikimiminwa, nakumbuka gari linanuka petroli. Nadhani kwa hii miaka yote nimekuwa mtu mwenye haraka kuliko wote Kajiado, na nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba hakuna mkwe mwenye heshima kama mimi.

Mama naye alikuwa akiniita "huyo wa mageti." Si kwa ubaya, ni ukweli, mimi natengeneza mageti, yale ya kujifungua kwa rimoti, na kama umepita hizi ploti mpya za Kitengela hujakosa kuona kazi yangu. Lakini kuna namna mtu anasema "mageti" unasikia kabisa binti yake angeolewa na daktari. Mama ni mfugaji wa kuku, kuku wa mayai, wengi, na ni mweka hazina wa kanisa, na kwa hiyo kanisa neno lake ni neno.

Sasa hiyo kamati ya kanisa ikaamua inataka kengele. Si kengele ya kuvuta na kamba, hapana, hiyo ni ya watu wa zamani. Walitaka kengele zinazopiga wimbo zenyewe, kila Jumapili, bila mtu kugusa. Kampuni moja ya Nairobi ikaleta bei, watu wakashika vichwa, na hapo ndipo Mama Nyambura aliposimama kwenye mkutano akasema (nimeambiwa na bibi yangu, mimi sikuwa): "Mkwe wangu ni injinia wa kengele. Mpeni hiyo kazi. Na ikiharibika, msimuulize yeye, mniulize mimi."

Injinia wa kengele! Mimi nilikuwa sijawahi kutengeneza hata ile ya mlangoni. Lakini nyinyi mnaelewa. Mtu amekuita wa mageti tangu harusi, halafu siku moja anasimama mbele ya wazee anakuwekea jina lake mgongoni. Nilimwambia Nyambura, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi." Nilisema hivyo nikiwa na wasiwasi mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua hiyo kazi ikinishinda, atakayetembea na hiyo aibu hapo Isinya kila Jumapili si mimi, ni yeye.

Kengele zenyewe hazikunisumbua. Nilichukua mitungi ya zamani ya gesi, ile mirefu ya mafundi wa kuchomelea, nikahakikisha haina kitu ndani, nikaikata vipande vitano vya urefu tofauti, nikawa nasaga kidogo kidogo huku mwalimu wa kwaya akisikiliza na kinanda chake pembeni akisema "bado, bado, hapo, usiguse tena!" Kilichonitoa jasho ni nyundo. Watu wanafikiri nyundo ya kengele ni kugonga tu. Ukigonga na ukae pale, umeua sauti. Nyundo inatakiwa ipige na iondoke haraka, na ifanye hivyo leo na kesho na mwaka kesho, kwenye jua la Isinya na ule upepo unaong'oa mabati. Nikajaribu kichwa cha bolti: sauti tamu, lakini baada ya siku chache bolti imefutuka kama uyoga na kengele imeingia mashimo. Nikajaribu mbao ngumu, ikapasuka. Nikajaribu mpira wa tairi, ikawa inalia kama mtu anabisha choo.

Mwishowe nikapata. Kichwa nikatumia bushi ya lori, ule mpira mgumu wenye chuma katikati unaokaa kwenye springi. Mkono nikakata kutoka kwa bamba la hiyo hiyo springi ya lori, ndio upinde na urudi. Na wa kuinua nikaweka mota ya waipa ya matatu, ile inayofuta mvua kwenye kioo, kwa sababu nilifikiri, ni mashine gani katika hii Kenya inafanya kazi bila kupumzika na bila kuhudumiwa? Waipa. Mota inazunguka, inainua nyundo, inaachilia, nyundo inapiga na kurudi. Nilizijaribu hapo karakana wiki nzima mfululizo, mpaka jirani yangu mwenye bucha akaja akaniambia wateja wanamuuliza kama nyama yake imeanza kupigwa na mashine. Nyundo hazikuwa na hata mkwaruzo. Hapo nikawa sivumiliki tena. Kila aliyeingia karakana, hata aliyekuja tu kuuliza njia ya kwenda sokoni, nilimwonyesha nyundo, nikamwambia, "Hizi zitatuzika sisi wote."

Kilichobaki ni wezi. Huku kwetu mnajua chuma kikilala nje usiku mmoja, asubuhi kiko kwa mizani ya vyuma chakavu. Wamebeba vibao vya barabara, wamebeba vifuniko vya mitaro, wamebeba geti nilitengeneza mwenyewe likiwa na rangi mbichi. Mimi nikasema mnara wangu hawaugusi. Nyaya zote nikapitisha ndani ya paipu ya chuma. Kengele, nyundo na kile kisanduku cha ubongo (yaani ile bodi ya umeme inayojua wimbo) nikavizungushia grili nzito ambayo mkono unapita lakini mtu hapiti. Betri nayo, ile inayochajiwa na sola ili hata stima ikipotea kengele zisikose kulia, nikaiweka kwenye sanduku lake la bamba nene.

Na swichi ya kuzima? Swichi ilikuwepo. Ilikuwa nje mwanzoni, lakini kuna Mzee Lekishon, anayefungua na kufunga kanisa, mtu mzuri sana, kila ukifika anakusalimia kwa Kimaasai, "Sopa, fundi," unajibu "Epa," roho safi kabisa, ila huyo mzee akiona kitu cha kubonyeza lazima akibonyeze. Amewahi kuzungusha vifundo vya spika katikati ya mahubiri mpaka watoto wakalia. Nikaona huyu ataniharibia wimbo. Swichi nikaihamisha ndani ya grili, nyuma kabisa, mahali mkono haufiki. Kuanzisha wimbo nikaweka rimoti, hizi hizi zangu za mageti, unabonyeza mara moja, wimbo unapiga, unaisha wenyewe. Lekishon akaniambia, "Fundi, si ungeniachia tu hiyo moja?" nikamwambia hii mashine haihitaji kuzimwa, mzee, hii ni ya kisasa.

Basi Jumamosi jioni, kesho yake ndio uzinduzi, nimemaliza kila kitu, nimejaribu wimbo umelia vizuri mpaka ng'ombe wa jirani wamesimama kusikiliza. Niko juu ya mnara nakusanya vyombo. Nikaangalia mlango wa grili, una kufuli. Nikajiambia, kufuli si watakata? Wacha niuchomelee. Nukta chache tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa hizo nukta chache. Kwa sababu kila fundi, hata aliyeanza jana, anajua ukitaka kuchomelea kitu kilicho na bodi ya umeme, kwanza unatoa waya wa betri. Usipotoa, ule moto wa kuchomelea unaingia kwenye bodi na kuichoma. Mimi mwenyewe nimegombeza watu wengi kwa hilo. Lakini sanduku la betri nilikuwa nimeshalikaza bolti zote. Kufungua, kutoa waya, kuchomelea, kurudisha, kujaribu wimbo tena, hiyo ni kazi ya nusu saa hivi, na nikitupa macho chini namwona nani anavuka uwanja polepole na chupa ya chai mkono mmoja na vikombe mkono mwingine? Mama mkwe wangu. Anatabasamu. "Wekesa! Shuka unywe chai, umefanya kazi ya kutosha!"

Nusu saa na mama mkwe na kikombe. Uso kwa uso. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga, nikashika mashine, nikachomelea betri ikiwa imeunganishwa, cheche zikaruka, nikasaga vichwa vya bolti za sanduku la betri vikawa laini ndio mwizi asipate pa kushika spana, nikateremka kwa upande wa pili wa mnara, nikapaza sauti kutoka mbali, "Mama, asante sana, kuna mteja ananingoja Kitengela!" Nikawasha pikapu nikaenda. Wimbo sikuujaribu tena.

Jumapili nikavaa suti yangu ya harusi, ile ya vipande vitatu, koti, kizibao na suruali, kwa sababu Nyambura alisema, "Leo wewe ni injinia, usiende kama fundi." Tulipofika, mahema yamejaa, Askofu amefika na gari refu, amevishwa shuka nyekundu na kupewa rungu la shanga, kwaya zinashindana. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na spika zilikuwa kwa jenereta ndogo iliyokuwa inakohoa, na mimi nimekaa hapo nacheka kidogo na pembe ya mdomo, najua kengele zangu hazijali stima. Mama akashika maikrofoni. Amevaa nguo mpya, na kilemba. Akasema, "Huyu injinia mnayemuona ni mkwe wangu," na watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama nikainama kama mbunge.

Askofu akapewa rimoti ya geti, akaomba, akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Haki ya Mungu ulianza vizuri. Ule mstari wa kwanza, wimbo ambao kila mtu hapo ameimba tangu Sunday school, ukatoka kule juu safi kabisa, na watu wakanyamaza, na Askofu akavua miwani akaipangusa, na mama mkwe wangu akageuka akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mama wa mtu. Niliiweka hiyo sura moyoni, na ni vizuri niliiweka, kwa sababu haikudumu.

Mstari wa pili, kengele kubwa ikapiga pahali haikutakiwa. Halafu ikapiga tena. Halafu haikuacha. Ikafuata ya pili yake, ikafuata ya tatu, na kabla sijameza mate zote tano zilikuwa zinapigwa kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake, bila wimbo, bila kupumzika. Waipa zote zilikuwa zimeamua hii mvua ni kubwa.

Watu wakaanza kwa kushangilia, nadhani walifikiri ndio kiitikio. Kwaya ya akina mama ikajaribu kuingia ikashindwa. Askofu akabonyeza rimoti tena. Kengele zikaendelea, lakini geti la kanisa (ambalo pia ni kazi ya mikono yangu, na kumbe linasikia rimoti hiyo hiyo) likafunguka. Akabonyeza tena. Likajifunga. Akabonyeza, likafunguka. Mwenyekiti wa kamati akanijia mbio amejishika masikio.

"Zima!"

"Haizimwi na rimoti!"

"Sasa swichi iko wapi?"

"Iko ndani!"

"Ndani wapi?"

"Ndani ya pale nimechomelea!"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina la ugonjwa. Nyuma yake Mzee Lekishon akasema kwa upole kabisa, "Mimi nilikuwa naomba tu moja." Mtu akauliza grainda ya kukata chuma, nikasema yangu iko Kitengela, na hata ingekuwa hapa, ile jenereta haingeizungusha. Kijana wa boda akatumwa mjini kutafuta fundi mwenye yake ya betri, na Jumapili saa hiyo fundi gani yuko kazini? Wengine wakasema tungoje betri iishe. Ikabidi niwaeleze, kwa sauti ya kupigana na kengele tano, kwamba hiyo sola ni nzuri sana na jua ni kali na betri haiishi. Nilikuwa nimewauzia hiyo kama sifa.

Mwenyekiti akachukua maikrofoni. Labda alitaka kuuliza kwa siri, lakini maikrofoni haijui siri. "Mama Nyambura," akasema, na kila hema likasikia, "ulituambia ikiharibika tukuulize wewe. Haya, mama. Tunauliza."

Mama alisimama. Huyo mama ana jibu la kila kitu, huyo mama amewahi kumjibu polisi wa barabarani mpaka polisi akaomba msamaha, lakini siku hiyo alisimama na kilemba chake kipya, akabaki anaangalia mikono yake. Watu wa hema la pili wakacheka. Wakamcheka yeye, si mimi! Iliniuma mahali sikujua niko napo, na nikajikuta tayari niko kwenye ngazi ya mnara.

Kule juu kelele ni ya kukutoa meno. Nikashika grili, nikatingisha, wapi! Ile kazi nilichomelea haraka haraka ilikuwa imara kuliko kazi yoyote nimewahi kufanya kwa utulivu. Nyundo zilikuwa zinapiga na kurudi, zinapiga na kurudi, vizuri ajabu, na hata hapo kuna kipande changu kilijivunia. Ndipo nikafikiri: mkono wangu unapita kwenye grili. Nyundo siwezi kuizuia, itanivunja vidole, lakini kati ya nyundo na kengele naweza kuingiza kitu laini. Nikavua koti, nikalisukuma ndani, nikalizungusha kwenye kengele kubwa. Nyundo ikapiga koti. *Pu.* Sauti ikafa.

Chini watu wakashangilia. Ukishangiliwa akili inakutoka. Kizibao, kengele ya pili. Shati, ya tatu, na vifungo viwili vikaruka. Fulana, ya nne. Imebaki moja, ile ndogo, na ile ndogo ndio ilikuwa na sauti ya kutoboa kichwa, *ti, ti, ti, ti*. Nikajaribu tai, nyundo ikaitema. Nikajaribu leso, ikaanguka. Kiatu hakipiti. Nikaangalia chini. Askofu ameinua uso. Nyambura anatikisa kichwa, ananionyesha kidole, naona midomo yake inasema "usithubutu, usithubutu." Na Mama bado amesimama pale pale, peke yake, kila mtu ameketi, na hiyo kengele inampigia kama inamtaja.

Nikafungua mkanda.

Suruali ya suti haipiti juu ya viatu kwa urahisi, kama hamjawahi kujaribu juu ya mnara. Nilirukaruka na mguu mmoja mbele ya hao watu wote wa Mungu, upepo wa Isinya ukanisaidia kwa kunivutia suruali upande ambao sikutaka, simu zikainuliwa, na mwishowe nikaipata, nikaiingiza kwenye grili, nikaifunga kengele ndogo kwa miguu yote miwili ya suruali.

Kimya.

Woi, hicho kimya. Mota zinavuma polepole, nyundo zinagonga suti yangu *pu, pu, pu*, na hakuna anayekohoa. Halafu nikasikia sauti moja kutoka chini, "Ngai!" na ilikuwa ya Mama. Mimi, ambaye huyo mama hajawahi kuniona hata nikitafuna ugali.

Nilichuchumaa nyuma ya paipu, ambayo haifichi kitu (ndio hicho kivuli). Nikamwona Mama anatembea mpaka kwa Askofu, anasema kitu, nadhani ni samahani, na bila kungoja jibu anamvua ile shuka nyekundu mabegani. Akaja nayo mpaka kwenye mnara. Akapanda ngazi mwenyewe, na umri wake na viatu vyake vya Jumapili, akafika katikati, akageuza uso kabisa upande wa barabara ya Namanga, akainua mkono juu na shuka ikipepea. "Shika," akasema. Nikashika. Nikashuka nimevaa zawadi ya Askofu, nikapita nyuma ya hema la jikoni, nikaingia kwenye pikapu, na hiyo ibada sikuimaliza. Askofu naye aliondoka na rungu peke yake.

Jumatatu nilirudi na grainda watu wakiwa kazini. Suti ilikuwa imekwisha, kizibao kina tundu unapitisha ngumi. Nyundo hazikuwa na alama hata moja. Nilizipangusa nikakaa hapo juu nikacheka peke yangu kama mwehu, halafu nikaacha kucheka.

Nikampigia mjomba wangu Bungoma, nikamweleza kwa kuzungukazunguka, akaniuliza moja kwa moja, "Alikuona?" Nikasema alinikopesha nguo. Akasema nipeleke mbuzi na blanketi, niombe msamaha, nisiingie ndani, nisikae, nisile kitu. Mimi mtu wa heshima, nikanunua mbuzi.

Nilimkuta Mama kwenye banda la kuku anamwaga chakula. Nikasimama mbali, na mbuzi kwa kamba, blanketi chini ya kwapa, macho kwenye udongo, nikaanza ile hotuba ya mjomba. Alinisikiliza mpaka katikati.

"Wekesa, mimi nimelea wavulana wanne. Unafikiri boksa ni kitu?"

"Mama, kwetu..."

"Kwenu naheshimu. Huyo mbuzi mfunge pale. Lakini sikia nikuambie kitu imeniuma." Akaweka ndoo chini. "Nimeuliza fundi wa Isinya kwa nini ziliharibika. Akaniambia mtu alichomelea bila kutoa betri. Nikamwuliza, mtu anayejua kazi anaweza kusahau hiyo? Akasema hapana, labda alikuwa na haraka. Sasa mimi nakuuliza, Wekesa. Ile Jumamosi ulikuwa unaharakia wapi? Mimi nilikuwa nimeleta chai tu."

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya simu inayoita.

"Kila siku unanikimbia," akasema. "Nikikaa, unasimama. Nikipika, unaondoka. Mimi nimeambia watu mkwe wangu ni mtu wa maana, na kwa nyumba yangu hajawahi kumeza hata maji. Nilifikiri pengine mikono yangu inanuka kuku."

Jamani. Ningependa kuwaambia nilimweleza vizuri, Bukusu na heshima na umbali, kwamba nilikuwa namkimbia kwa sababu namheshimu. Nilijaribu. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu anayefuta macho na mkono wenye vumbi la chakula cha kuku, uone kama itasikika na maana yoyote. Yeye akaingia ndani akatoka na kikombe, chai ya asubuhi, imekaa, juu imeshika utando wa maziwa, akanipa bila kuniangalia.

Mjomba asome hii ama asisome, sijali. Kuna swichi sasa kule mnarani, kubwa, nyekundu, nje, na Mzee Lekishon anaibonyeza anavyotaka. Na kazi yoyote nikimaliza, hata geti la kawaida la mtu nisiyemjua, siwashi pikapu kabla sijaijaribu mbele ya mwenyewe na kukaa nikanywa walichonipa. Lakini hiyo siku nilikuwa sijajua hayo yote. Nilikaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama mkwe wangu, nikanywa chai baridi isiyo na sukari, na yeye akanitazama nikimeza mpaka ikaisha.